Niliwaambia Nyumbani Mimi Ndiye Kiongozi wa Pikipiki za Theluji

Mama Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako na naomba uje haraka maana nina mpaka tarehe thelathini na moja ya mwezi huu wa Machi, na kabla hujasoma mbali nakuambia mapema mimi si mjinga, shule niliacha darasa la saba lakini akili ninayo, pita hapa Birmingham, Ladypool Road, uulize Cleopas ni nani, watakuambia ni yule kijana anayevaa vizuri na kupiga mpira kuliko wote, kwa hiyo huko mbele ukikuta upumbavu ujue ni wa siku mojamoja, si wa kila siku.

Mambo yalianza majira ya baridi ya mwaka juzi. Mimi na rafiki yangu Hasmukh, Mhindi wa Kisumu, tuliona tangazo gazetini la hoteli moja katika milima ya Austria, wanataka vijana wa kazi, tukaenda. Hoteli ile inawatembeza wageni kwa pikipiki za theluji. Hazina magurudumu hizi, mbele zina mbao mbili za kuteleza na nyuma mkanda wa mpira unaosukuma, zinapanda mpaka mabonde ya juu kabisa ambako hata mti hauoti, kiongozi mbele, wageni wanamfuata mmoja nyuma ya mwingine kama siafu, na kila mtu anapita palepale alipopita kiongozi, kutoka pembeni hakuna ruhusa. Kuona nimeona, hilo hakuna wa kunibishia. Lakini mama, kazi yangu mimi ilikuwa kuosha sahani. Wageni wakiwa wengi nilipakiwa kwenye pikipiki ya mwisho, nyuma ya dereva, nimekumbatia chupa za chai, wakishakunywa nasugua vikombe kwa theluji tunarudi.

Sasa kwetu Kisii barua haina siri. Mama yangu hajui kusoma na sanduku la posta ni la kanisa, kwa hiyo barua ya ng'ambo ikifika, iwe ya nani, Mzee Barnabas, mzee wa kanisa, anaifungua, na Jumapili baada ya matangazo anaisoma mbele ya watu wote, mama amesimama kando yake. Wewe ungeandika kwamba unaosha sahani? Kwetu mvulana akikutwa anaosha sahani wenzake wanamtungia wimbo. Nikaandika kwamba mimi ndiye kiongozi wa safari. Nikavaa koti jekundu la kiongozi wakati yeye anakunywa supu, nikakalia pikipiki yake, Hasmukh akanipiga picha, nikaituma. Mzee Barnabas akajibu kwamba watu walipiga makofi na picha imebandikwa kwenye ubao wa kanisa, na wanaomba habari zaidi. Wameomba, nikawapa. Siku hizi wakiomba dua wanamtaja mwana wao anayewachunga Wazungu kwenye theluji.

Hasmukh alikuwa akinikuta naandika ananiuliza, "Bwana kiongozi, leo wageni utawapeleka wapi, kwa sinki ama kwa pipa?"

"Nyamaza wewe."

"Mimi ninyamaze? Mimi nimeandikia nani uongo? Mimi mama yangu anajua naosha sufuria."

Hapa ninapofika sasa naona haya hata mkono wenyewe umekuwa mzito. Siku moja nilimbembeleza kiongozi, mzee mmoja wa kulekule, aniachie ile pikipiki ya mwisho niiendeshe wakati wa kurudi, akakubali. Mbele yangu walikuwa wasichana wawili wa Vienna. Nikataka wanione. Nikatoka kwenye njia niwapite kwa pembeni, kumbe theluji ya pembeni haijakanyagwa na ni laini kama unga, pikipiki ikazama mpaka usukani na mimi mpaka kifuani. Msafara mzima ukasimama. Wageni walishuka wakanichimbua kwa mikono, na bibi mmoja mwenye nywele nyeupe alivua glavu zake akanivisha, maana nilikuwa nalia. Ndiyo, nililia, andika hivyohivyo. Kiongozi hakupiga kelele. Aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuokota, "Wewe sahani. Mimi mlima." Sikupandishwa tena. Na barua niliyotuma wiki ile, mama, nilisema Mzungu mmoja mpumbavu alitoka njiani akazama, akalia kama mtoto, na mimi Cleopas nikamchimbua.

Tulirudi Birmingham, sasa niko kiwanda cha mikate, lakini nyumbani wanajua kila baridi niko mlimani, mimi mwenyewe niliwaambia hivyo. Ningeendelea salama kabisa kama si mdogo wangu Alfayo. Huyu ndiye mwenye kichwa kwetu, alimaliza kidato cha nne vizuri, na hospitali moja ya hapahapa Birmingham imempa nafasi ya kusomea uuguzi, ajaze fomu tu na iwe imefika tarehe thelathini na moja. Wiki iliyopita ameniandikia, "Kaka, mambo ya kubeba mabakuli ya haja ya wagonjwa nimeyaacha. Fomu nimeiweka ndani ya Biblia, sikuijaza. Nataka unifunze mlima, niwe nyuma yako, na wewe ukichoka nishike mimi. Mama amekubali, na kanisa limefurahi."

Nilimpa Hasmukh asome nikijua atacheka mpaka aanguke. Hakucheka. Alinirudishia akasema, "Bana, ile ilikuwa mchezo yako. Hii ni maisha ya mtoto."

Sasa mama, nikiandika ukweli utasomwa na Mzee Barnabas mbele ya kanisa zima na mama yangu amesimama pale. Kumwandikia Alfayo kwa siri siwezi, sanduku ni lilelile. Nikinyamaza nafasi yake inakwenda. Nimefikiria kusema kampuni imefungwa, ama nimevunjika mguu, mguu gani bado sijachagua. Nisaidie, na kama ni kunicheka nicheke ukishamaliza kujibu.

Mimi Cleopas, Sparkbrook. Jina unaweza kulichapa, jarida hili kwetu halifiki.

*

Mwanangu Cleopas,

Jibu hili nimelitia posta leo hii ulipate kesho. Wasomaji wetu watalisoma likishachapwa, wewe huna nafasi ya kuwasubiri.

Nimecheka kwenye ule mguu ambao hujauchagua. Kwingine sikucheka. Mimi ni muuguzi hapa mjini, huu ni mwaka wa tisa, na mabakuli ambayo mdogo wako anayadharau nimeyabeba kwa mikono hii, na kila mwaka naona vijana wenye vyeti safi wakiomba nafasi kama hiyo na kurudishwa. Ameipata, na ameifungia ndani ya Biblia kwa sababu ya koti la mtu mwingine ulilolivaa mwenyewe akinywa supu.

Kuosha sahani hakukuhitaji kufichwa. Ulikuwa kijana mdogo, uko ugenini, unajilisha kwa jasho lako, mama yako angeyasikia hayo akashukuru. Najua pia makofi ya kanisa yana utamu, hasa kwa kijana ambaye shuleni hakupigiwa mengi. Hapo nakuelewa. Lakini yule mzee alikuamini na pikipiki, bibi wa watu akakuvisha glavu zake yeye akabaki na baridi, na wewe ukaenda kutafuta Mzungu wa kumbebesha machozi yako. Hapo umefanya vibaya, na nafikiri ndipo panapokuuma zaidi, maana ndipo mkono ulipokuwa mzito.

Sasa sikiliza. Mguu usivunje, kampuni usifunge. Ukimwambia Alfayo kampuni imefungwa ataisubiri ifunguliwe.

Ukilipata tu jibu hili, kabla ya kazi, nenda posta upeleke telegramu; hiyo haipiti sandukuni, mtu wa posta humpa mwenyewe mkononi. Usitunge, nakili hivi: ALFAYO MIMI SI KIONGOZI. NILIOSHA SAHANI. HAKUNA KAZI MLIMANI. JAZA FOMU TUMA LEO. CLEOPAS. Utatamani kuyakata yale maneno mawili ya sahani. Usiyakate. Kijana mwenye akili hataacha ndoto yake kwa kuambiwa tu jaza fomu, atataka sababu, na sababu ndiyo hiyo.

Kisha andika barua. Anza na Mzee Barnabas, umwombe aende kwanza nyumbani kwa mama yako, amsomee wakiwa wawili tu, mama akiwa ameketi. Mzazi asiyasikie haya kwa mara ya kwanza mbele za watu. Halafu Jumapili aisome kanisani, yote. Najua hilo ndilo unaloliogopa. Lakini waliomshangilia mdogo wako akiacha uuguzi walikuwa kwenye mabenchi yale, na wasiposikia kwa kinywa kilekile kilichowasomea mwanzo, watamshangilia tena. Umtaje bibi wa glavu. Uombe picha ibanduliwe. Watakucheka, tena sana, na watoto watakutungia huo wimbo. Wimbo huchosha baada ya msimu wa mavuno mmoja au miwili.

Mimi upande wangu, nikishapata jina la mdogo wako, nitapiga simu shule ya uuguzi hiyo siku ileile, niwaambie fomu iko njiani kutoka Kenya wavumilie siku chache. Siahidi kwamba watakubali. Niandikie jina lake kamili, na uandike vizuri, si kwa mwandiko huu wa kukimbia.

Alfayo akifika nenda ukampokee uwanja wa ndege wewe mwenyewe. Ana haki ya kukukasirikia na asizuiwe, wala usimchekeshe mpaka amalize.

Na ukitoka posta, usipite kwa Hasmukh kumsimulia ulivyo jasiri. Nenda kazini.

Mama Jemima, Selly Oak