Bendera ya Kijani

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa 7
Nimefika stesheni mapema kama kila siku. Nimefagia jukwaa. Treni ya abiria iliacha kusimama hapa zamani. Siku hizi ni mizigo tu, inapita kwenda Malaba bila kusalimia mtu. Lakini watu bado wanavuka reli, kwenda sokoni na msikitini, na huko chini kwa njia miwa imefunika kona. Hawaoni kitu. Mimi juu ya jukwaa naona. Bendera nyekundu, simama. Kijani, vuka. Walinistaafisha kazi ya reli lakini bendera sikurudisha. Nani mwingine anajua hii kazi kutoka Bungoma mpaka Myanga? Hakuna.
Naandika herufi kubwa leo. Kalamu ni mbaya.

Jumatano, tarehe 9
Nimekasirika. Mama Nafula, yule wa mahindi choma, amenicheka mbele ya watu. Nimeinua nyekundu, watu wamesimama, kumbe ni trekta ya miwa.
"Mzee, si uende kwa kijana wako Kitale uangaliwe macho? Ama siku hizi trekta inapita kwa reli?"
Wamecheka wote. Nimemwambia macho haya yalikuwa yanaona treni ikiwa bado Webuye. Siendi Kitale. Ni moshi wa jiko lake tu unaniharibia.
Hamisi hakucheka. Hamisi fundi wa cherehani, rafiki yangu tangu tukiwa vijana. Masikio yake yalikufa kitambo. Honi hasikii. Akienda kuswali anaangalia bendera yangu, anavuka. Hana wasiwasi.

Ijumaa, tarehe 11
Mchana, saa ya swala. Hamisi amesimama chini kwa njia, ameinua uso kwangu. Nimeangalia kona. Nimeona weupe tu. Nikasema moyoni hakuna kitu. Nikainua kijani.
Honi imelia Hamisi akiwa tayari kwa reli. Nimepiga kelele mpaka koo ikauma. Kelele ya nini, na yeye ni kiziwi? Treni imemgonga ubavuni, ikamtupa kwa miwa. Kofia yake imebaki katikati ya reli, safi kabisa.

Jumamosi
Hamisi yuko hospitali Bungoma. Paja na mbavu. Chifu amekuja kuuliza. Nimesema hakusikia honi. Ni kweli, hakusikia. Watu wote wanasema hivyo, masikio, masikio. Wananipa pole.
Mama Nafula amegeuza mahindi yake tu. Aliiona bendera. Hajasema. Heri angesema.

Jumanne, tarehe 15
Nimeenda kumwona. Amekuwa mdogo kwa kitanda. Anaongea kwa sauti ya juu, kama viziwi wote, wodi nzima inasikia.
"Ndugu Wekesa, nisamehe bana! Wewe uliinua nyekundu, mimi nikaona kijani. Uzee huu!"
Mgonjwa wa kitanda cha pili amecheka.
Ningetingisha kichwa kukataa. Kichwa tu, maneno hata hayatakiwi. Sikutingisha. Nimemmenyea ndizi, nikarudi nyumbani. Mimi ni mtu mbaya.

Alhamisi
Hamisi amekufa alfajiri. Sijakula.

Ijumaa, tarehe 18
Makaburi ya Waislamu yako ng'ambo ya reli. Wamekuja na jeneza mabegani, wanaume wengi. Walipofika kwa miwa wakasimama. Wote wameinua uso kwangu juu ya jukwaa, kama kawaida yao. Mtoto wake wa kwanza yuko mbele, amebeba baba yake, anangoja mimi.
Nimeangalia kona. Weupe.
Nimeshuka mpaka kwa jiko la Mama Nafula. Nimempa bendera zote mbili. Nimesema kwa nguvu, wasikie: "Angalia wewe, mama. Mimi sioni. Hata siku ile sikuona. Hamisi hakukosea. Niliinua kijani."
Amepangusa mikono kwa leso. Amepanda jukwaa, ameangalia muda mrefu, huku na huku. Akainua kijani.
Wamevuka. Nimewafuata nyuma, mbali kidogo. Hakuna mtu amegeuka.