Usifute Majina ya Walioshona

Wambui wangu,

Huko Uingereza unakula vizuri? Sisi tuko, Mungu ametubeba. Ng'ombe amezaa ndama jike na mama yako anakusalimia. Mambo ya Januari, majirani kufukuzana baada ya uchaguzi, siandiki.

Umeniuliza kama tovuti yenu ya washona vitambaa uipange upya, vitambaa vya maua kwake na vya nyota kwake, na majina uyaondoe kwa sababu yanajaza mahali.

Nikiwa msichana hapa Dundori, kikundi chetu cha kushona kilikuwa na sanduku la vipande vya mfano. Siku moja nikalipanga hivyo hivyo, nikajisifu. Rafiki yangu Chepkoech akalifungua, akaniangalia.

"Wewe, umetupoteza sisi wote. Mimi sitafuti ua. Natafuta mkono wa Nyambura, vile hukaza uzi."

Nyambura, mwenzetu wa kikundi, alikuwa ameolewa mbali. Tulicheka, lakini nilirudisha kila kipande chini ya jina la mwenyewe.

Huyo Chepkoech ndiye jirani yetu uliyemwonyesha tovuti ukiwa nyumbani. Alihama Januari na simu yake haishiki. Wiki iliyopita binamu yako alinipeleka saiba, duka la intaneti, hapo Nakuru, akanifungulia. Nikaona kitambaa kipya, na chini yake jina la Chepkoech. Ndipo nikajua yuko hai.

Kwa hivyo maua yapange, mama, watu wapate haraka. Lakini majina yaache mahali mtu anaweza kuyatafuta. Na kama unaweza kumwandikia hapo chini ya picha, mwambie niko nyumba ile ile, na mlangoni pake ninafagia.

Nyanya yako, Cucu