Ombi la Uamuzi Kuhusu Kamba ya Nyumba ya Sinema

Kwa Marehemu Mzee Idi Mrisho,
Aliyekuwa Msimulizi wa Gari la Sinema na Mwanzilishi wa Nyumba ya Sinema,
Makaburini,
Tabora.

Mzee wangu,

Shikamoo. Ninafahamu kwamba hutaitikia, lakini adabu haikomi kwa sababu mmoja wetu hana tena sauti.

Madhumuni ya barua hii ni kukuomba uamuzi juu ya ziara za Jumamosi za wasioona na wasioweza kutembea katika Nyumba ya Sinema, ziara ambazo Kamati imezizuia nami nimeziendeleza. Siandiki kwa kuchanganyikiwa na msiba, kama watu wanavyonong'ona pale stesheni. Ninaandika kwa sababu nimeelekezwa kwako na kikao halali, na maelekezo hayo nitayaeleza mahali pake.

Kwanza nikupe taarifa za nyumbani. Mkeo Bi Zuhura hajambo. Yumo katika eda na huzungumza nami kutoka nyuma ya pazia, kwa hiyo sijui amekonda kiasi gani. Sauti yake haikukonda. Karakana yangu ya baiskeli ipo pale pale. Kiti chako cha kukunja sijampa mtu. Juzi mteja mmoja alikikalia bila kuuliza, nikamwomba asimame. Baadaye niliona haya, maana ni mtu mzima na alikuwa ametoka mbali. Lakini sikumrudisha kitini. Mzee wangu, sikuweza.

Sasa niingie katika shauri lenyewe.

Baada ya arobaini yako, Nyumba ya Sinema, ulimohifadhi vyombo vya gari lako, iliwekwa chini ya Kamati ya Utamaduni. Nasema kwa haki kwamba Kamati ilikuja na nia njema. Walipaka chokaa. Walivuta umeme wakatundika taa katikati ya chumba. Picha yako wakaiweka ukutani, ile uliyopigwa kando ya gari la sinema ukiwa umeshika kipaza sauti kama mtu aliyeshika kuku asimtoroke. Mpaka hapo nilikuwa nawashukuru.

Kisha wakaitazama meza. Unaikumbuka meza ile, uliyoikata miguu kwa msumeno wangu ili mtu anayetambaa aifikie mashine akiwa amekaa mkekani. Wao waliona ni aibu, vitu vya marehemu kukaa chini kama sufuria za jikoni. Wakaiinua kwa matofali na saruji hadi kifuani mwa mtu aliyesimama. Halafu wakazungusha kamba nyeupe, na kila kitu wakakibandikia karatasi: hii ni mashine ya sinema, usiguse, hili ni gurudumu la kuzungushia mkanda wa picha, usiguse, hiki ni kipaza sauti cha marehemu, usiguse. Mwenyekiti alitutangazia kwamba sasa vitu hivi ni mali ya umma na umma una wajibu wa kuvitunza.

Jumamosi iliyofuata Mama Nyamizi akaja kutoka Itetemia, amepakiwa nyuma ya baiskeli na mjukuu wake kama kawaida, pamoja na wenzake wasioona wa kule wanakosuka vikapu. Alikuja kufanya kazi yake. Maana ulimpa kazi, Mzee wangu, na wajumbe wengi hawakujua kwamba ile ilikuwa kazi. Wanafunzi walipofika, wewe ulikuwa ukifunga madirisha yote, ukawaamuru wenye macho waingie gizani, kila mmoja ameshika bega la asiyeona. Mama Nyamizi akiwa mbele. Yeye ndiye aliyewafikisha kwenye mashine, akachukua mkono wa mtoto akauweka juu ya mkono wa chuma wa kuzungushia. Ninamsikia hata sasa: "Polepole mwanangu, huyo si ng'ombe wa kukamua." Watoto wakicheka gizani, hofu ikiwatoka. Ukishafungua dirisha moja, walikuwa wakiitazama mashine kama ndugu waliyekwisha kusalimiana naye.

Siku hiyo hapakuwa na giza wala bega. Wageni walikalishwa nje, kwenye benchi, chini ya dirisha. Karani wa Kamati, kijana mmoja wa Nzega mwenye adabu zake, akasimama ndani nyuma ya kamba akawasomea karatasi kupitia dirishani. Alisoma kwa sauti nzuri na hakuruka neno. Hii ni mashine ya sinema, usiguse. Hili ni gurudumu, usiguse. Mama Nyamizi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mwanangu, umenikataza kitu ambacho hujanionesha."

Karani akasema hayo ndiyo maagizo, bibi. Akajibiwa na mzee mmoja wa benchi kwamba basi awasomee tena, labda safari hii mashine itatoka yenyewe kuwasalimu. Walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufunguo wako mfukoni, ule ulionipa hospitali ukisema, "Maganga, Jumamosi fungua." Hukusema Jumamosi ipi. Mimi nilielewa kwamba ni kila Jumamosi.

Niliingia nikafungua fundo la kamba. Sikuikata. Niliikunja vizuri, na Jumatatu niliipeleka ofisini ikiwa na barua ya kuisindikiza, nikaeleza kwamba ninairejesha nzima na safi, na kwamba nyumba haina matumizi nayo. Matofali hayo yalikuwa na saruji. Niliyavunja kwa tindo, nami sitaficha kwamba niliyavunja kwa furaha. Meza ikarudi chini. Mama Nyamizi akaingia, akaweka kiganja juu ya mashine. Halafu akauliza ni nani aliyeipangusa mafuta, kwa maana ilikuwa imeanza kunuka sabuni badala ya kunuka wewe.

Hapo, Mzee wangu... tuendelee.

Niliitwa kwenye kikao. Nilivaa shati la kwenda kanisani. Wajumbe walikuwa wamejaa, na Mwenyekiti, ambaye unamjua tangu ujana wake alipokuwa akikimbilia gari lako na kula vumbi lake lote, aliniuliza bila ukali:

"Ndugu Maganga, nani alikupa idhini ya kuondoa kamba?"

"Marehemu."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo, Ndugu Mwenyekiti."

Mjumbe mmoja wa nyuma akasema kwamba maneno ya hospitali ni ya homa, na mwingine akadakia kwamba fundi baiskeli siku hizi amekuwa msemaji wa kaburi. Kikao kikacheka. Nilieleza hoja zangu kwa mpangilio ulionifundisha, kwanza jambo, kisha sababu, kisha ombi. Nilisema kwamba tumeambiwa nchi hii tunaijenga wote, na kwamba sijaona mahali palipoandikwa kuwa wote maana yake ni wenye macho na miguu. Nilisema kwamba ikiwa mali ni ya umma, basi Mama Nyamizi ni umma, na mikono ndiyo macho yake, na mkimfunga mikono mmeufungia umma mlango. Mtu mmoja alipiga kofi moja, akaona yuko peke yake, akaacha.

Mwenyekiti alisema hoja zangu ni nzuri lakini Kamati haiwezi kuendeshwa kwa wosia wa mdomo. Nikamwambia Bi Zuhura yupo. Wakamtuma katibu kwenda kumuuliza nyuma ya pazia lake, akarudi na jibu moja tu: "Mimi ni mke wake, si mdomo wake." Nililiona ni jibu la heshima, ingawa halikunisaidia. Ndipo yule mjumbe wa nyuma akapata nafasi yake. "Basi mwacheni akamuulize mwenyewe marehemu," akasema. Wakacheka tena, ila Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa amechoka, nadhani. Akasema:

"Haya. Kamuulize marehemu. Akiruhusu, na sisi tutaruhusu."

Nikaomba maneno hayo yaandikwe katika kumbukumbu za kikao. Yakaandikwa, kwa kuwa katibu wetu huandika kila kitu, hata kikohozi. Hayo ndiyo maelekezo niliyoyataja mwanzoni. Sikuyatunga mimi. Walidhani mtu mzima akiambiwa hivyo atarudi nyumbani na aibu yake. Hawakujua kwamba mimi nikishaelekezwa ofisi, ninaiandikia.

Tulipotoka, Mwenyekiti aliniita kando ya ukuta. Alisema kwa sauti ya chini kwamba vitu vile vikichakaa mbele ya macho yake atakuwa amekuzika mara ya pili. Mzee wangu, mimi si mwepesi wa jibu la kusimama. Jibu lilinipata njiani. Nilikumbuka mkono wa kuzungushia wa mashine yako, jinsi rangi yake nyeusi ilivyotoka yote mahali vidole vinapopita na chuma kikawa kinang'aa. Na nilikumbuka kwamba katika siku zile chache za kamba, hapo hapo palianza kuota kutu. Mwenyekiti anakupenda. Ninalisema hili mbele yako ili usimchukie. Lakini anakupenda kama mtu anayefunika chakula mpaka kinachacha.

Sasa nikukumbushe na wewe, maana anayeombwa uamuzi ana haki ya kukumbushwa.

Nikukumbushe ule usiku wa kijijini Lusu. Tulikuwa tumefuata ile barabara ya zamani ya misafara, nawe ukinieleza njia nzima kwamba babu yako aliipita na pembe za ndovu mabegani akielekea pwani, na wewe unaipita na picha. Mimi nilikuwa fundi wako wa jenereta. Watu walikaa chini mbele ya shuka la kuonyeshea picha, na wasioona uliwaweka mbele kabisa, karibu na miguu yako. Mtu mmoja mwenye macho akanung'unika kwamba hao nafasi wanaifanyia nini. Wewe ukawasha mashine. Picha ilikuwa ile ya bwana mmoja mvivu aliyekataa kuchimba choo, na mbuzi wake mwenyewe akawa anamvizia. Filamu haikuwa na Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa wewe, na Kinyamwezi ulipoona wazee hawacheki. Ila ulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa msimulizi mwingine: ulilitangulia tukio. Uliwainamia wale wa mbele ukasema, "Mbuzi amerudi nyuma, anapima. Yule bwana bado anajipepea." Wasioona wakaangua kicheko, na wenye macho wakawa wanageukiana kuuliza kuna nini, mpaka mbuzi alipofika naye bwana akaruka. Kicheko kilianzia kwa wale walioambiwa hawana la kuangalia. Yule mnung'unikaji aliomba kuhamia mbele.

Nikukumbushe pia kisomo cha watu wazima, ulipotumulikia herufi ukutani kwa mashine ile ile. Nilipita mbele ya taa kwa ujinga, herufi M ikanilalia kifuani, darasa zima likanicheka. Ukasema, "Mwacheni. Leo imemvaa, kesho ataivaa yeye." Herufi hizo ndizo ninazokuandikia. Sikuzipata kwa kusomewa kupitia dirishani. Ulinitia ndani yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na naomba uupime. Kila Jumamosi tangu kikao kile nimefungua mlango. Madirisha nimeyafunga. Mama Nyamizi amewaingiza wanafunzi gizani, bega kwa bega. Mwanafunzi mmoja mkorofi alikodoa macho akidhani gizani ataona kitu, akajikwaa kwenye mkeka akamwangukia mzee wa watu, wakawa marafiki. Kijana wa Nzega, yule karani, ametumwa kuniandika jina kila ninapofungua. Huniandika. Jumamosi iliyopita, baada ya kuniandika, alivua viatu, akamshika Mama Nyamizi bega akaingia. Sikumuuliza kitu, nawe usimtaje.

Nimearifiwa kwamba Kamati inakutana tena Ijumaa, na kwamba nisipokabidhi ufunguo kitasa kitabadilishwa. Barua hii nitaisoma kaburini kwako alfajiri ya siku hiyo, na nakala yake nitaisoma kikaoni, nikiwa nimesimama. Sitakabidhi ufunguo kwa mtu aliyeniambia uamuzi si wake. Wakibadilisha kitasa, nitakaa nje kwenye benchi pamoja na wenzangu, na mimi ni fundi wa chuma, neno hilo naliacha hapo.

Ninakuaga, Mzee wangu, kwa namna ambayo sikupata nafasi kukuaga hospitali, kwa sababu nesi alikuwa akituharakisha na wewe ulikuwa ukinipa maagizo badala ya kwaheri. Pumzika. Ninaahidi kwamba maadamu mikono hii inashika spana, meza ile haitapanda juu tena. Bi Zuhura nitamtazama kama mama yangu. Na kiti chako... kiti nitajitahidi kuwaruhusu watu wakikalie. Sijafika huko, lakini nitajitahidi.

Mwisho, ninaleta ombi lenyewe. Ninaomba uamue kama wageni wa Jumamosi waendelee kuingia ndani na kugusa kila kitu kwa mikono yao, au wabaki nje. Sitakudai maandishi, kwa kuwa Kamati haikusema jibu lije kwa njia gani. Ikiwa hadi Ijumaa hutakuwa umekataza, nitawaomba wajumbe wauthibitishe ukimya wako kuwa ni ruhusa, au mmoja wao ainuke akataze kwa jina lake mwenyewe, Mama Nyamizi akiwa amekaa mbele yake.

Ninaomba uamuzi.

Mimi fundi wako,
Maganga Luhende