Ukuta wa Gasenyi kwa Jicho la Aliyekaa

Jumatatu, 9 Machi 1998

Metre Salvatori, wakili wa Deo, amesema asubuhi hii: mahakama haitakwenda Gasenyi, nje ya mji, kuangalia mahali pa tukio. Sababu, usalama. Kesi ni Alhamisi, 2 Aprili.

Hilo ndilo jipya. Mengine ya zamani. Deo, mume wa dada yangu Perpetua, yuko gerezani tangu Novemba. Anashtakiwa kuwapa waasi bunduki jioni, mbele ya lango la nyumba yake. Shahidi ni mmoja: Mama Fidele, jirani wa ng'ambo ya barabara. Anasema aliona yote akiwa uani kwake. Adhabu ni kitanzi.

Ramani niliyochora mwezi uliopita haikusaidia. Jaji aliigeuza juu chini akauliza kama ni shamba la mpunga. Picha haiwezekani, juu ya barabara ile kuna kituo cha askari, na kamera ya gazeti letu walishaichukua. Metre anataka mchoro. Jaji auangalie, aone kama yuko uani kwa Mama Fidele.

Hapa mtaani Nyakabiga hakuna mchoraji anayekubali kwenda Gasenyi. Nimeuliza. Nitachora mwenyewe. Sijui kuchora.

Alhamisi, 12 Machi

Karatasi sita, zote za kutupa. Barabara inasimama kama ngazi. Lango la Deo linaiangukia nyumba yake. Nimeandika habari miaka ishirini na mbili, na mlango umenishinda.

Kazini, habari ya soko, habari ya mafuta ya gari. Jioni nimekumbuka picha za Njia ya Msalaba kanisani kwetu. Ya kwanza: Yesu mbele ya Pilato, ukumbi mrefu, sakafu ya vigae. Ukumbi ule unaingia ndani. Karatasi ni bapa kama yangu. Nataka kujua mchoraji aliuingizaje.

Ijumaa, 13 Machi

Nimekwenda kanisani saa saba, hakuna watu. Nimebandika uzi juu ya kioo cha picha, nikafuata kila mstari wa vigae. Mzee Zakaria, sakristani anayetunza kanisa, alisimama nyuma yangu muda mrefu.

"We muandishi, sasa unamupima Yesu kanzu?"

Nilimwambia napima sakafu.

"Ya kwetu imepasuka, pima ile."

Nilichopata: mistari yote ya vigae inayokwenda ndani inakutana kwenye nukta moja. Boriti za dari zinashuka hadi nukta ileile. Mistari ya kukingama inabaki imelala. Nguzo zinabaki wima, zinafupika tu kadiri zinavyokwenda mbali. Ukipitisha mstari uliolala kwenye nukta ile, ndio usawa wa jicho la anayeangalia. Nimehakikisha kwa picha za gazeti: mpiga picha akiwa amesimama, vichwa vya watu waliosimama, wa karibu na wa mbali, vinakaa kwenye mstari mmoja.

Jambo moja halikai. Kwenye picha ya Pilato mstari haupiti vichwani. Unapita kwenye mikanda ya askari. Nimeangalia ya pili na ya nne. Vilevile. Nimeandika: kosa la mchoraji.

Jumapili, 15 Machi

Baada ya misa, Gasenyi pamoja na Perpetua. Nyumba yao imefungwa. Yeye analala kwangu tangu Deo akamatwe. Milango mingi barabara ile imefungwa.

Mama Fidele alitupokea vizuri. Alileta benchi, nikakataa, nikachora nimesimama. Nilimwambia wazi kwamba ni ya mahakama.

"Chora tu," akasema. "Ukuta haina kinywa."

Ukuta wa ua wake ni wa matofali, unanifika kifuani. Juu yake nimeona barabara, halafu lango. Perpetua hakuangalia upande ule hata mara moja.

Jumatano, 18 Machi

Mchoro umekamilika na ni mzuri. Ukuta uko karibu, barabara imelala chini, lango liko mahali pake. Bawaba zinahesabika.

Metre aliuangalia, akaufunika na faili.

"Umejua kuchora. Sasa we ndiye shahidi wa pili."

Ni kweli. Mtu yeyote akiangalia atasema: kutoka hapa lango linaonekana lote. Nimejifunza kuchora ili nimnyonge shemeji yangu.

Alhamisi, 19 Machi

Gerezani. Deo amekwisha. Shati linaning'inia kama liko kwenye kamba.

"Shemeji, Perpetua ananiambia sasa unachoraka. Siku utanichora, weka na tumbo kidogo."

Nilicheka. Sikumwambia kuhusu mchoro. Nyumbani Perpetua aliuliza mchoro umefika wapi. Nimesema bado. Ninaogopa. Sijaogopa hivi kwenye mabomu.

Ijumaa, 20 Machi

Njia ya Msalaba jioni, mapema kwa sababu ya amri ya kutotoka usiku. Nimekwenda kwa ajili ya Perpetua. Mbele ya kila picha watu wanapiga magoti. Mimi nasimama nyuma na mikono mfukoni, desturi yangu. Kwenye ya kwanza alinivuta koti.

"Piga magoti, kaka. Watu wanaangalia."

Nimepiga. Nikainua macho. Sakafu ya Pilato ilifunguka. Askari waliniinamia. Ukumbi ulikuwa ukumbi.

Hakuna kosa. Mchoraji alijua watu wa kuangalia picha yake watakuwa chini, akaweka jicho chini.

Nimetoka kabla ya picha ya tatu, nikakaa kwenye ngazi. Jicho la Mama Fidele lilikuwa wapi? Sijui. Sikumuuliza. Nilisimama uani kwake nikachora jicho langu.

Jumapili, 22 Machi

Barabara ya Gasenyi imefungwa. Milio ya bunduki milimani tangu asubuhi. Askari wameturudisha tulipofika Mutanga Nord.

Jumatano, 25 Machi

Bado imefungwa. Perpetua hali chakula. Nimemwambia ukweli kuhusu mchoro wa kwanza. Hakulia. Alikwenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumapili, 29 Machi

Wamefungua. Tumefika mapema. Mama Fidele alikuwa uani kwenye kigoda, mgongo ukutani mwa nyumba, ungo wa maharage mapajani. Nimeuliza swali moja: jioni ile alikuwa wapi hasa?

"Hapa. Nilikuwa nakaa, nachambua maharagi. Na hii mugongo, ningesimama namna gani? Mi sisimamaki kama hakuna wa kunishika."

Nikamwomba kigoda. Perpetua akamshika mkono, akasimama. Nikakaa.

Ukuta. Juu ya ukuta, ncha ya paa la Deo. Basi. Barabara hakuna. Lango hakuna. Mtu akipita pale mbele, hata mrefu, humwoni. Perpetua alivuka akasimama langoni kwake, akainua mkono. Sikuona hata vidole.

Mama Fidele aliuona uso wangu. Aliongea polepole, akimwangalia kuku.

"Walikuja asubuhi yake, wale wa kituo. Walisema ni Deo. Na mi nikasema ni Deo. Niko na batoto, muandishi."

Baadaye akasema nisiandike hilo gazetini. Gazetini sitaandika.

Nimechora kwenye kigoda. Mstari wa jicho chini, ukuta juu yake. Kazi rahisi, hakuna kitu cha kuchora zaidi ya ukuta.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alikunjua karatasi. Ilikuwa bado na mistari yote ya kupimia, inakutana kwenye nukta moja.

"Hii ni plan ya position yetu?"

Nikasema ni ukuta wa mama mmoja.

"Mutu hachoraki ukuta mutupu."

Aliichana mara nne, akanirudishia vipande kwa adabu. Perpetua aliviokota vilivyoanguka.

Jumatatu, 30 Machi

Kurudi Gasenyi haiwezekani, wamefunga tena. Nimekaa ofisini kabla wenzangu hawajaja, vipande mezani. Kwanza nimevipanga. Halafu nimeanza na nukta, mstari wa jicho, kigoda. Nikishajua jicho liko wapi, ukuta unajileta wenyewe. Nimeongeza ufa ulio karibu na kona, na tofali moja lililowekwa kinyume. Saa nne umekwisha. Ni bora kuliko uliochanwa.

Metre: "Hii ninaipeleka. Lakini mama akisema alisimama, ni karatasi tu."

 Yote yako kinywani mwa mwanamke anayeogopa, na ana haki ya kuogopa.

Alhamisi, 2 Aprili

Mahakamani tangu saa mbili. Deo ameitwa saa tano. Amevaa koti langu, linamzidi.

Metre aliweka mchoro mezani. Mwendesha mashtaka alisema kila mtu anaweza kuchora ukuta.  Jaji aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akaagiza apelekewe shahidi.

Maswali yalikuwa kwa Kirundi. Jaji aliuliza kama anapafahamu mahali pale. Mama Fidele aliinama juu ya karatasi, akaweka kidole kwenye tofali la kinyume. Alisema ni ukuta wake, tofali lile aliliweka marehemu mume wake, na walibishana siku nzima. Watu wawili walicheka nyuma.

Jaji akauliza: jioni ile ulisimama au ulikaa?

Mama Fidele aliondoa kidole kwenye karatasi. Nilikuwa naangalia mikono yake. Mwendesha mashtaka aliinuka nusu. Perpetua alikuwa ameshika mkono wangu na kucha zimeingia. Alama bado zipo. Deo aliangalia sakafu. Nilitaka kusema kitu. Sijawahi kutaka kusema kitu mahakamani.

Mama Fidele akasema: nilikaa. Akarudia, kwa sauti ya kawaida: nilikaa, kila mtu Gasenyi anajua mimi sisimami peke yangu.

Jaji aliandika. Hakumuuliza basi aliona nini. Aliutazama mchoro mara moja tena, akautia ndani ya jalada, akasema mahakama itakwenda kutafakari.

Hakuna ninachojua zaidi. Metre anasema ni vizuri. Metre anasema hivyo daima.

Perpetua alimtafuta Mama Fidele nje, akamshika mkono hadi kwenye gari.  Mlango ulipofungwa Mama Fidele alijifunika kitenge usoni.

Ijumaa, 10 Aprili

Ijumaa Kuu. Mji kimya, hata milimani kimya. Kwa usalama, Mama Fidele na wanawe wameletwa mjini kwa mdogo wake, Perpetua alishughulikia. Maharage amebeba.

Njia ya Msalaba mchana. Mzee Zakaria ameuliza kama leo nimekuja na uzi. Nimesema hapana. Mbele ya picha ya kwanza nimepiga magoti kabla ya kuvutwa koti. Nimeangalia tena. Mistari iko mahali pake.

Jioni nimemchora Deo, kwa kumbukumbu, amekaa. Nimeweka tumbo kidogo.

Hukumu: Alhamisi, 16 Aprili, saa tatu asubuhi.