Tangazo la Tatu

Jumapili, 7 Septemba 2025
Tangazo la kwanza la ndoa ya Mize limesomwa leo kanisani. Padri alitaja jina la binti yangu, halafu la Kurwa, mwenyeji wa Muheza, akauliza kama yupo anayejua kizuizi. Watu walikohoa. Kurwa aliangalia mbele tu. Kijana mtulivu. Baba Mize anamsifu mpaka kwa mafundi wenzake kazini.

Jioni Bi Mwanakheir, jirani yetu wa ghorofa ya chini hapa Michenzani, kanicheka. Nyinyi mnauliza kanisani Jumapili tatu, na hakuna aliyepanda boti kwenda kuuliza kwao? Sisi tungeshajua mpaka mbuzi wa bibi yake!

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Jumanne, 9 Septemba
Miaka ishirini na sita gazetini nahakiki majina ya watu nisiowajua. La mkwe wangu sikulihakiki.

Asubuhi nilimpigia Wakil, mwandishi mwenzangu wa zamani, sasa yuko Tanga. Jioni karudisha simu. Kazungumza na mzee mmoja wa kanisa. Kurwa alifunga ndoa Muheza, Desemba 2019. Mke yupo hai, anaitwa Salome. Mkono wake wa kushoto haunyooki. Ilisemwa aliteleza kisimani — nyumba ile haina kisima.

Chanzo kimoja. Siandiki habari kwa chanzo kimoja.

Jumapili, 14 Septemba
Tangazo la pili. Nilikaa kimya.

Kila Jumapili tunaungama tuliyoyatenda na tuliyoacha kuyatenda. La kwanza nalifikiria kila mara. La pili nililisema leo, na nikaisikia sauti yangu. Nimeomba. Sikuomba ujasiri, niliomba chanzo cha pili. Sala ya ajabu — namwomba Mungu namba ya simu.

Usiku nilimwambia Baba Mize. Kakasirika. Unamchunguza mkwe kama waziri! Kadi zishatoka!

Jumatano, 17 Septemba
Kurwa kaja na samaki, changu wawili wa sokoni Darajani, washaparwa magamba. Shikamoo mama. Marahaba. Kauliza kazi inaendaje. Halafu, kwa sauti ile ile: nasikia unaniulizia Muheza, mama. Ungeniuliza mimi.

Humu ndani nilimwambia mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa anakunywa chai, hakuinua uso.

Mize alicheka. Lakini alimtazama Kurwa kwanza, kama anayesubiri ruhusa. Nimemlea miaka ishirini na minne, sijawahi kumwona akicheka hivyo.

Samaki sikuwala.

Ijumaa, 19 Septemba
Salome kapiga mwenyewe. Wakil alimpa namba yangu. Sauti kavu, hana machozi. Sijaachika, kasema, na sitaki arudi. Mwanao namwombea. Katuma picha ya cheti cha ndoa.

Vyanzo viwili na hati.

Nilimwonesha Mize. Kasoma mara mbili. "Mama, Kurwa kashanambia. Kasema utaleta karatasi ya kughushi."

Nikamwambia asikilize sauti ya Salome. "Sitaki." Kaingia chumbani, kafunga kwa ufunguo.

Jumapili, 21 Septemba
Tangazo la tatu. Nilisimama. Nikataja tarehe, kanisa, jina la mke. Sentensi tatu. Padri kakunja karatasi, kasema tangazo linasimamishwa mpaka ukweli ujulikane. Nikamwona Baba Mize akifunika uso.

Kurwa alinyanyuka taratibu. Kamshika Mize kiwiko, wakatoka kwa mlango wa pembeni. Nilipofika nje hawakuwapo.

Mchana mzima nimepiga. Mara saba, kimya. Mara ya nane kapokea Kurwa.

— Mize kalala, mama.
— Mwamshe.
— Kachoka. Mwache apumzike.
— Mko wapi?
— Kwangu, Kikwajuni.

Kikwajuni hakuna bandari. Nyuma yake ilipiga honi ya boti, ndefu, karibu. Halafu sauti ya kipaza, inawataka abiria wapande. Simu ikakatwa.

Nimemwambia Baba Mize nilichosikia, neno kwa neno. Hakubisha. Kauliza tu boti inaondoka saa ngapi. Saa kumi.

Sasa ni saa tisa na dakika arubaini na moja. Naandika saa kwa sababu polisi wataiuliza. Baba Mize kashashuka ngazi kuwahi bandarini, peku, ananiita kwa jina langu la ubatizo, asilolitumia tangu Mize azaliwe —