Wa Pili Kati ya Kumi na Wanne

Atlabara, Juba
Tarehe 22 Aprili 2017

Kwa mdogo wangu mpendwa Gune,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na watoto wote watatu, pamoja na majirani zako wa hapo kambini Bidibidi, ambao siwajui lakini nawasalimia kwa sababu wanakuazima sufuria. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Je, kikohozi cha Lemi kimeisha? Kama bado, usimpe tena yale majani ya kuchemsha. Mkalishe wima, mpe maji ya vuguvugu, na ukiona anapumua kwa haraka usingoje asubuhi, mpeleke kliniki. Mimi pia ni mzima kwa kipimo cha Juba, yaani naamka na viungo vyote viko mahali pake.

Lokosang alifika na lori lake Jumatano akanipa lile kopo la simsim uliyosaga. Ameniambia umekonda. Nilimwuliza umekonda kiasi gani, akasema yeye ni dereva, si mizani.

Habari kubwa ni kwamba matokeo ya shule ya uuguzi yametoka. Nimefaulu. Nimekuwa wa pili kati ya kumi na wanne. Usipige vigelegele kwanza. Tulianza thelathini na mmoja, na hao kumi na saba hawakuangushwa na mtihani. Wengi walikimbilia huko kwenu Uganda mwaka jana mwezi wa saba, wawili tuliwazika, na mmoja aliyekuwa akinishinda kila jaribio alichukuliwa njiani akitoka Nyakuron, na mpaka leo mama yake anakuja shuleni kuuliza. Kwa hiyo vita ilinipandisha nafasi. Sikumbuki mwalimu aliyewahi kunisaidia kiasi hicho.

Mwanzoni wale vijana waliniita haboba, bibi kizee wa darasa. Mmoja alitaka kujua kama nimekuja kusoma au kulazwa. Saturnino, mwalimu wetu wa vitendo, ambaye ningeweza kumzaa kama ningeanza mapema, aliwaambia wanyamaze, kisha akaniita mbele nitandike kitanda mgonjwa akiwa juu yake. Nilikitandika. Kumbe miaka kumi ya kuuza chai Malakia ni shule: unajifunza kubeba cha moto bila kumwaga, na kumsikiliza kwa uvumilivu mwanaume anayedhani anakufa kwa mafua. Tangu siku hiyo haboba likawa jina la heshima, na wakati wa mitihani wakawa wanapanga foleni niwafundishe mifupa.

Kiingereza ndicho kilichonitoa jasho. Unajua nilijifundisha kusoma kwa zile karatasi zinazokunjwa ndani ya pakiti za dawa, kwa hiyo nilifika shuleni nikijua madhara ya dawa nyingi bila kujua zinatibu nini. Halafu kukawa na jambo la saa. Kuhesabu mapigo ya moyo kunataka saa yenye mshale wa sekunde, na yangu iliondoka na askari mwezi wa saba. Nikaenda kanisani nikakaa chini ya saa ya ukutani, nikajipima. Baba Yetu nikiisali kwa Kibari, bila kukimbia wala kuvuta, ni nusu dakika kamili. Basi nikawa nashika mkono wa mgonjwa huku midomo inacheza. Wagonjwa waliona nesi mzee anawasalia kimyakimya, wengine wakaanza kulia na kuulizia watoto wao. Saturnino alinigombeza kwamba mapigo ninayoyahesabu nimeyapandisha mwenyewe. Akaniambia nisali kwa pua.

Lakini sala hiyo ilimwokoa mtu. Mwezi wa kumi na moja, wodi ya wazazi, kulikuwa na mama mmoja wa Malakia aitwaye Betty, amejifungua msichana bila shida. Kila aliyepita alimwuliza hali, naye akajibu amechoka tu. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi. Nilipofika amina nilikuwa nimehesabu sabini, na ilipaswa kuwa arobaini au pungufu. Nikamwita Saturnino, akasema nihesabu tena. Sikuhesabu tena, nilifunua blanketi. Damu ilikuwa imejaa chini yake kwenye plastiki ya godoro, kimya kabisa, wakati sisi tunamsifu mtoto. Tulimkanda tumbo, tukamchoma sindano, daktari akaja anakimbia na kiatu kimoja. Aliishi. Baada ya siku chache mume wake alileta kuku wawili wodini, akatangaza kwamba mtoto ataitwa jina la nesi.

Mtu mwenye akili angefunga barua hapa. Wewe ungefurahi, ungewasomea majirani.

Gune, mwezi wa pili uliniandikia kwamba shule za kambini zinachukua walimu wasaidizi, na kwamba mwenye cheti chake halisi cha kidato cha nne akikileta kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu atapata kazi. Ukaniomba nikutumie chako, kilichokuwa katika sanduku uliloniletea kutoka Yei ukisema Juba ni salama zaidi. Nilikujibu kwamba askari waliiba sanduku siku walipovunja nyumba. Nawe ukanijibu kwamba cheti ni karatasi, mradi dada yako yu hai, kwamba umepata kazi ya kuponda kokoto nayo inatosha. Kisha ukanitumia simsim nipate nguvu.

Sanduku lipo. Nimelikalia sasa hivi ninapokuandikia. Cheti hakimo ndani, hilo ni kweli. Kipo shuleni katika faili, kimebanwa pamoja na picha yangu, tangu mwezi wa kwanza wa mwaka 2015.

Shule haikumchukua mtu bila kidato cha nne, na mimi unajua nilikoishia: darasa la sita, Koboko, mwaka ule mama alipofariki na mmoja wetu akalazimika kushika jiko. Nilipeleka cheti chako. Karani aliandika Gune Swaka, na mimi nikamtazama akiandika. Mkuu wa shule aliangalia umri nilioujaza, miaka thelathini na miwili, akaangalia uso wangu, akatikisa kichwa akasema vita imetuzeesha sote. Miezi ya kwanza wakiita jina nilikuwa nageuka kukutafuta. Wakaamua haboba hasikii vizuri, wakanipa kiti cha mbele. Ndivyo nilivyouona ubao vizuri kuliko wote.

Na mtoto wa Betty anaitwa Gune. Ana mashavu. Pale Malakia kuna nyumba nzima inayokuombea kila jioni, na haijui kama upo.

Sasa lililo baya zaidi, kwa maana hayo ungeweza kuyasamehe. Barua yako ilipofika, mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu. Nilimwendea karani nikamwuliza kwa kuzungukazunguka kama mwanafunzi anaweza kuchukua cheti chake kwa wiki mbili. Akasema anaweza, aandike tu barua ya sababu. Alinipa na karatasi. Lori la Lokosang lilikuwa hapa, linaondoka kesho yake. Nilisimama na ile karatasi mkononi nikaogopa kwamba akilifungua lile faili atakisoma upya na kunitazama upya. Nikamrudishia karatasi yake, nikaenda nyumbani, nikakuandikia habari za askari. Sikuteleza, Gune. Mtu anayeteleza haulizi kwanza.

Nimejitetea sana moyoni. Nimesema nusu ya cheti kile ni yangu, maana nilikuchotea maji miaka yote ile na vitabu vyako vyote nilivisoma kwenye mwanga wa jiko ukishalala. Ni kweli, wala haisaidii kitu. Aliyeingia chumba cha mtihani akitetemeka kwa malaria ni wewe. Nimejaribu pia kujuta kama inavyotakiwa. Naijutia mikono yako inayoponda kokoto. Lakini nikijiuliza, nikirudishwa mwezi wa pili, na karatasi ile mkononi, nitafanya nini, jibu linalonijia silipendi. Kwa hiyo msamaha sikuombi. Nitakuwa nakuongezea uongo mwingine. Kopo la simsim sijalifungua. Nimelirudisha kwa Lokosang, wape watoto.

Majina yetu yanapelekwa wizarani kuandikishwa mwisho wa mwezi wa sita. Yakishaingia hayatoki, na Gune Swaka atakuwa nesi mpaka kufa. Kabla ya hapo cheti chako kinaweza kurudi kwako, na kazi ya ualimu, hata kama nafasi za mwezi wa tatu zimepita, huenda ikatangazwa tena. Huna haja ya askari wala wakili. Chukua bahasha, andika juu yake Ketty Swaka, mwanafunzi wa uuguzi, kupitia kwa mkuu wa shule. Ndani weka karatasi yoyote yenye sahihi yako, ile iliyo kwenye cheti, ili mkuu azilinganishe. Mpe Lokosang. Mkuu atasimama mbele yetu aulize ni nani kati yetu anaitwa Ketty, kwa sababu katika orodha yake hayupo. Vijana watacheka. Hapo nitasimama.

Na kama hutaandika, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba nitaingia wodini na jina lako kifuani, na sitajua kamwe kama ulinisamehe au bahasha ilipotea njiani.

Wabusu watoto, uwaambie ni mama mkubwa wao aliyewabusu. Msalimie anayekuazima sufuria. Mungu akulindie mikono hiyo.

Ni mimi dada yako,
Ketty Swaka