Binti yangu anangoja kilio cha baba yake kiishe

Tantine Adèle, shangazi yetu wa redio, naomba msaada wako, na unisamehe maana niliishia darasa la sita. Mume wangu Tshiamala alifariki mwaka jana hapa Kapata, na kwetu watu wa Kasai kilio hatukitoi, yaani matanga hatuyamalizi, mpaka kaka yake mkubwa awepo, na huyo kaka, tata Hénock, yuko Mbuji-Mayi, anasema atakuja mvua zikiisha, zikaisha, zikaanza tena, na mimi bado navaa nyeusi, bado nakata mkate vipande vitatu na tuko wawili. Shule zilipofunguliwa nilimwambia binti yangu Abigaël, mwenye miaka kumi na minane na aliyebakiza darasa la mwisho, angoje kwanza tutoe kilio ndipo aanze kitu kipya. Alingoja bila kunijibu vibaya, halafu akaanza kwenda na wenzake kuosha mawe ya wachimbaji mtoni, anachopata leo anakila leo, na nilipomgombeza alicheka: "Mama, weye uko mu siku ya kufa kwa papa, mi niko mu leo. Kesho iko ya nani?" Sasa mkuu wa shule, mama Domitille, amenitumia habari kwamba bado atampokea, lakini orodha ya mtihani wa Serikali inafungwa Ijumaa. Nikimwandikisha naona kama ninamkimbia mume wangu, nisipomwandikisha mwaka unapotea. Nifanye nini?

Mama Abigaël, Kapata

Mama Abigaël, pole sana. Mkate ukate vipande unavyotaka, haumdhuru mtu. Lakini mtoto umemdhuru. Umemweka msichana wa miaka kumi na minane ndani ya siku ya mazishi na kumwambia akae humo mpaka baba mkubwa apate nafasi ya kusafiri. Amechoka. Usimwite mpenda starehe: mtu asiyepewa tarehe yoyote ya mbele hujifunza kuishi mpaka jioni tu, na somo hilo amelipata nyumbani kwako.

Nawe Abigaël, najua mtoni mnafungua redio. Mama aliyefiwa hachekwi.

Mimi pia ni wa Kasai, mama. Kilio kinakataza ngoma na ndoa mpya, hakijakataza daftari. Baba yangu alipokufa tulinyolewa vichwa Jumapili, Jumatatu tukawa darasani, na hakuna aliyesema tumemkimbia.

Basi usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi pandeni pikipiki ya taxi-moto wote wawili mpaka shuleni, na nguo yako hiyohiyo nyeusi, jina liandikwe mbele ya macho yako. Mkitoka huko mpigie tata Hénock. Usimuulize atakuja lini, mwambie wewe: Jumamosi ya kwanza baada ya mtihani tunatoa kilio, ukiwepo au usipokuwepo. Akikasirika, mpe namba ya redio, nitaongea naye mimi.

Na jioni, akianza masomo, muulize Abigaël wamefika wapi darasani. Msikilize mpaka amalize, hata usipoelewa kitu.